Yule si sangara, na kusi nayo si ile tena

Bwana mhariri, asalaam aleikum. Ile makala yenu ya watu wanaovua kwenye maziwa ya kaskazini ya Marekani nimeisoma mara mbili na nina neno. Kwanza yule samaki mliyemwita sangara si sangara. Sangara ni wa Ziwa Victoria, huyo wa Minnesota, jimbo la huko kaskazini, anaitwa walleye, jicho lake linang'aa kama la paka ukimmulika tochi, ndio maana anatafuta riziki yake kiza kikianza kuingia. Nayajua haya kwa sababu mpwa wangu anaishi huko, mtoto wa Langoni huyo, mshipi alianza kuutupa kabla hajajua kusoma, basi mwezi wa sita ananipigia video akiwa kwenye boti saa tatu usiku na jua ndio kwanza linazama, na huku kwangu Lamu yaadhiniwa alfajiri. Halafu ananionyesha chambo. Ruba! Ruba hawa hawa wa kunyonya damu, wauzwa dukani. Nikamuuliza wewe umerogwa au.

Lakini kilichonikaa kichwani si ruba, ni ile habari ya kufunga uvuvi kwa msimu, ambayo nyinyi mliipa mstari mmoja tu. Barafu huko inayeyuka mwisho wa mwezi wa nne au wa tano ukiingia, samaki anapanda kwenye maji haba yenye kokoto kutaga, na muda wote huo huna ruhusa ya kumvua mpaka ifike Jumamosi moja katikati ya mwezi wa tano, hapo watu wanamiminika maziwani kama wanavyomiminika kwetu kwenye Maulidi. Na akizidi inchi 20 unachukua mmoja tu kwa siku, kwa sababu hao wakubwa ndio majike wenye mayai mengi. Watu wanatembea na rula ndani ya boti.

Sasa wako vijana hapa baraza wanasema nasi tuletewe hivyo hivyo. Pole pole. Mpwa wangu ana kazi yake, akitoka kazini ndio anaenda ziwani kujipumzisha, asipopata kitu atakula kuku. Mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, asipopata, watoto wanalala na chai. Na tusisahau kwamba sisi tulikuwa na kufunga kwetu, hakikuandikwa popote. Kusi ikivuma, mwezi wa sita na wa saba, mashua zilikuwa zapandishwa pwani, watu wanashona nyavu, wanaziba nyufa kwa kalfati, wanapaka sifa, yale mafuta ya papa, nani angetoka na tanga kwenye mawimbi yale? Samaki wa nje ya mwamba walikuwa wanapumua bila askari wala leseni, na upepo hauhongeki. Leo mtu ana mashini ya nguvu farasi 40 nyuma ya boti, ana friza inamngoja na tajiri kashamkopesha mafuta, kusi iwe kusi isiwe kusi atatoka tu, na wengine hawarudi, mwajua wenyewe.

Kwa hivyo serikali ikitaka kutufungia uvuvi ifunge, Pate wamefanya kwa pweza, wanaufunga mwamba miezi kadhaa kisha wanafungua, na wanawake wamo mstari wa mbele. Ila ikae na wavuvi wakubaliane kwanza, na mtu aseme hiyo miezi tutakula nini. Mimi mtumbwi wangu ulipimwa nyavu mpaka matundu yakahesabiwa, siku hiyo hiyo juya, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, lilikuwa lavutwa upande wa pili wa mkondo mchana kweupe.

Mwandishi wenu aje mwezi wa saba, alale kwetu, atoke na vijana alfajiri ndio aandike.

Ama mpwa wangu, juzi kanasa mmoja wa inchi 24 na mkubwa wake wa siku alikuwa ashamtia ndooni, basi akamtoa ndoana akamwachia. Mamake alipoiona ile video alikaa kimya, kisha akauliza, sasa karudisha kitoweo?

Mvuvi mzee,
Langoni, Lamu