Shukrani kwa wote mliofanikisha safari ya Hija ya mama yetu

Asalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa niaba ya familia tunawashukuru sana ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mliotuma mchango na mliotuma dua tu, mama karudi salama kutoka Makka alhamdulillah, na siku hizi ukimwita Hajjat anaitika haraka kuliko jina lake 😄

Nianze na walotoa kabla hata pesa haijatimia. Mama alipojua safari ipo kweli hakuanza na begi wala pasipoti, alianza na watu. Kapita nyumba kwa nyumba anaomba radhi, anauliza nani anamdai, mengine wenyewe walishayasahau yeye anayo kichwani. Wapo waliokuwa hawasemezani naye miaka na wakampa mkono. Nyie mliomsamehe mmetoa kikubwa kuliko sisi wa kutuma miamala, maana haki ya mja mwenzio Hija haikufutii, lazima umalizane naye mwenyewe.

Kuna walioniuliza inboksi, hivi Hija ya kuchangiwa inaswihi? Tuliwauliza masheikh kabla hatujaanza, wakatwambia asiye na uwezo hailazimiki kwake (Aal Imran aya ya 97) na hatakiwi kwenda kuombaomba, ila akipewa akaenda Hija yake ni sahihi na faradhi imemtoka. Na mama hakuomba jamani, tulioomba ni sisi watoto.

Kaka ndo alikuwa mahramu wake, yaani ndugu wa kiume wa karibu anayesafiri naye. Kwenye tawafu (kuzunguka Kaaba) na saai (kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa) ilibidi kiti cha magurudumu, magoti yale mnayajua. Walipofika Marwa mama alilia, akamwambia kaka, Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail, kapita hapa mara saba mtoto ana kiu, na hakuwa na wa kumsukuma.

Halafu kisimamo cha uwanja wa Arafa, tarehe 9 Mfungo Tatu (Dhulhija), siku ambayo Mtume (SAW) amesema Hija ndiyo hiyo. Kuanzia adhuhuri mpaka jua linazama mama alikuwa na daftari lake mkononi, majina yenu aliyaandika mwenyewe, anasoma mmoja mmoja na haja yake, mwenye mgonjwa, mwenye kesi, anayetafuta mtoto, macho yakichoka kaka anamsomea yeye anaomba. Mliotuma bila jina msidhani mmeachwa, aliomba "na yule unayemjua Wewe".

Muzdalifa wamelala chini nje kama wengine wote, Jamarati, kwenye nguzo za kumpiga mawe shetani, kaka kamrushia vijiwe vyake kwa ajili ya msongamano.

Ila kilichotushangaza sisi ni kingine. Al-Baqara aya ya 197 inakataza mabishano kwenye Hija, na mama yetu kwa kubishana mnamjua 😂 sasa kaka anasema kuna siku basi lilikwama masaa kwenye joto, watu wanapandishiana, yeye kimya, midomo tu inacheza na tasbihi. Amerudi nayo hiyo hali mpaka nyumbani, tunaomba idumu.

Mnaotaka kuja kumuona na kuombewa dua karibuni sana, ila njooni baada ya alasiri, ana kile kikohozi cha mahujaji na asubuhi anapumzika. Jazakumullahu khayran, na msiokwenda bado Allah awaite.

Ni sisi watoto wake.