Dadu zinasingiziwa bure

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu X-Wing, mchezo wa mezani wa ndegevita za anga za juu. Anayeshindwa hulaumu dadu, ilhali mara nyingi kosa huwa limeshatendeka kabla hazijarushwa. Nazungumzia toleo la pili, kwa sheria zilivyotoka 2018.

Kila mchezaji huchagua mwendo wa kila chombo kwa siri kwenye diali, kisahani cha kuzungusha. Kila rubani ana namba ya zamu: mwenye ndogo ndiye hutangulia kusogea, na mwenye kubwa humalizia. Kwenye kupiga mambo hugeuka, mkubwa ndiye huanza. Hivyo rubani wa 6 huona wenzake walikotua ndipo achague kitendo chake, kisha hupiga wa kwanza. Ni upendeleo mkubwa, lakini rubani wa 1 naye ana hila: kuziba njia. Mkubwa akimparamia, hurudishwa nyuma juu ya kiolezo (kipande cha kupimia mwendo) hadi vitako, yaani vibao vilivyobeba vyombo, visipandane, hukosa kitendo, na wawili hao hawapigani raundi hiyo. Wengine wanaweza kumpiga kama kawaida, naye yupo pale bila kinga.

Wenye namba sawa huhesabiwa wamepiga kwa pamoja. Chombo kilichoteketezwa hakiondolewi mezani hadi wote wa namba hiyo wamalize, nacho kikiwemo. Wengi hukinyakua haraka, na pigo halali linapotea.

Rula ya kupimia masafa ina ngazi tatu. Ngazi ya 1, mshambuliaji huongeza dadu nyekundu moja. Ya 3, mlengwa huongeza ya kijani moja. Ya 2 hakuna nyongeza. Makombora na torpedo hayana nyongeza ya masafa kwa upande wowote. Pima hadi sehemu ya kitako cha adui iliyo karibu zaidi *ndani ya pembe ya kupigia*, yaani eneo ambalo silaha yako inaelekea. Kona iliyo nje ya pembe haihesabiki, hata ikiwa karibu kiasi gani. Hapo ndipo watu hugombana.

Sasa dadu zenyewe. Zina pande 8. Nyekundu ina mapigo 3, pigo zito 1, macho 2 na pande tupu 2. Kijani ina kukwepa 3, macho 2, tupu 3. Alama ya umakini, inayopatikana kwa kitendo, hugeuza macho yote kuwa mapigo, au kukwepa ukiwa unajilinda. Dadu nyekundu tatu bila umakini zinatoa wastani wa mapigo 1.5, ukiwa nao, 2.25. Tofauti hiyo hailetwi na bahati.

Ndiyo maana msongo ni hatari. Miendo ya diali ina rangi kwa ugumu wake: mwekundu, ulio mgumu, huleta msongo, na chombo chenye msongo hakifanyi kitendo, basi umakini hakuna. Kikifunua mwekundu mwingine kabla ya kupoa, kinalazimika kwenda mbele moja kwa moja kwa kasi ya 2, na mpinzani anajua kitakapotua. Mwendo wa buluu, ulio rahisi, huondoa msongo kabla ya hatua ya kitendo, kwa hiyo umakini unaupata raundi ileile.

Msomaji wenu