Usifunge kazi Januari

Akinyi wangu, sasa?

Barua yako nimeipata, na pole kwa hayo mafuriko ya Ahero, huku Nairobi pia mvua ndio inaisha. Lakini hapo mwisho uliposema mnaacha kushika mbu mpaka Aprili juu "saa hii wanaisha tu", hapana bana, tafadhali msiache!

Hawaishi, wanapungua. Kuna watu walisoma jeni za gambiae, hawa mbu wa malaria, wa Asembo miaka ya 90 wakapata wale wanaozaa ni maelfu hata ukihesabu na kiangazi, yaani si eti wanabaki wawili watatu halafu mvua ikirudi ndio kijiji kijazwe upya. Ila wanaobaki si wale wale wa masika. Kukikauka, arabiensis, ndugu zao wa malaria pia, wanaanza kuzidi gambiae, na kwa macho huwezi kuwatofautisha, mpaka PCR, kile kipimo cha DNA. Na ndani ya gambiae wenyewe kuna hii mambo ya kromosomu, kipande kilikatika, kikageuka, kikajishika tena kichwa chini. Kile kinaitwa 2La kinasaidia mbu kuvumilia ukavu, so sehemu kavu ndio unakipata sana, na huko Mali na Nigeria walishaona vipande vya aina hii vikipanda na kushuka na misimu.

Mimi napenda sana kuviangalia. Unachukua jike ambaye damu imeyeyuka nusu, tumbo jekundu mbele, nyeupe nyuma, unatoa ovari, unaipaka rangi, unaiponda polepole kati ya vioo, na kwa maikroskopu kromosomu inatokea na mistari kama kikoi. Kama mzazi mmoja alimpa kipande kilichogeuka na mwingine kilicho sawa, basi hizo mbili zinajikunja kitanzi ndio mistari ilingane. Unaweza kusahau lunch!

Sasa ukinitumia wa Aprili na Mei peke yao nitaandika 2La ya Ahero iko hivi, kumbe nimepima msimu. Na bosi wangu hapo hashtuki, yeye anataka namba tu. Hata usugu wa dawa ya neti, ukipima mara moja kwa mwaka si unajidanganya?

So Januari na Februari endeleeni, hata kama nyumba nzima inatoa mmoja. Funestus, ile aina nyingine ya mbu wa malaria, pia msiwaruke, hao wanapenda maji yasiyokauka yenye majani, kiangazi wanaweza kuwa ndio wengi. Wale majike wa nusu damu waweke kwa spiriti sehemu tatu, asidi ya asetiki sehemu moja, ichanganywe siku hiyo hiyo, wengine wakaushe tu na silika, zile chembe za kufyonza unyevu. Pasel itume na matatu za usiku, nitalipia huku stage. Na lebo andika na penseli, please, juu wino wa kalamu spiriti inaufuta wote.

Wako,
Wanjiru