Mangi, huyo DJ wa nini?

Arusha, Jumanne usiku

Mangi wangu,

Salama huko? Wazee Kibosho hawajambo? Huku ni baridi na manyunyu, Meru hatujauona tangu Ijumaa. Kimya changu nisamehe. Kilichoniamsha ni huo uhakiki wa No One Will Save You, ile muvi ya kutisha ya viumbe wa angani, unaotaka kuwasomea vijana Jumamosi kabla hujawawekea muvi. Umeandika vizuri, ila umenipa kazi.

Kwanza ile asilimia. Unasema wahakiki "wameipa alama 80 na ushee kwa 100". Hapana bwana. Rotten Tomatoes, ile tovuti ya wahakiki uliyoitolea namba hiyo, hawasahihishi mtihani, wanahesabu vichwa: katika kila wahakiki 100, zaidi ya 80 wamesema inatazamika, basi. Aliyeipa 6 kwa 10 na aliyeipa 10 kwa 10 wanahesabiwa sawa. Muvi ambayo kila mtu kaona "si mbaya" inaweza kuzoa 100 yote. Wastani wa alama utaupata tovuti nyingine, Metacritic. Ieleze sentensi hiyo au ifute.

Sasa DJ. Eti umemwita yule wa Majengo aje atafsiri. Atafsiri nini, Mangi? Dakika 93, maneno matano! Brian Duffield, aliyeiandika na kuiongoza, alikusudia, na ukimya huo ndio waliousifia wengi, pamoja na uso wa Kaitlyn Dever anayecheza Brynn. Tazama pale kituo cha polisi. Brynn kaja kuripoti viumbe waliomvamia nyumbani. Mke wa mkuu wa polisi anamkaribia, anamtemea mate usoni. Neno hakuna. Umeshajua mji unamchukia, na unaanza kujiuliza dada huyu alifanya nini. DJ akidakia "huyu mama ana kisasi, subirini mtaona", swali limekufa papo hapo.

Halafu DJ akiongea, sauti ya muvi hushushwa. Zinazozama kwanza ni zile ndogo: nyayo, mbao zinazolia, pumzi ya Brynn akiwa kajificha. Ukizitoa hizo, usiku wa kwanza umebaki picha ya dada anayekimbia kimbia. Kama huwezi kumrudisha, mpe dakika 2 za utangulizi, kisha zima maiki. Zima na feni. Weka spika mbili mbele na besi moja. Spika ya laptop haitoi ule mvumo wa chini unaotikisa kifua.

Kitu kingine cha kuongeza: Stephen King, yule mwandishi wa vitabu vya kutisha, aliisifia sana akakumbushia "The Invaders", kipindi cha 1961 cha The Twilight Zone, tamthilia ya TV ya Marekani. Mwanamke peke yake ndani, wavamizi kutoka angani, karibu hakuna usemi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukimya ni ujanja wa juzi.

Lawama mbona hujaziweka? Sifa tupu ni tangazo. Wapo waliolalamika kwamba viumbe wanaonyeshwa mapema mno, mwili mzima, hofu ikapungua. Mimi niko upande wao. Mwisho nao uliwagawa watu kweli kweli. Sema hivyo tu, usiwasimulie ulivyo, nakujua mdomo wako. Na ukitaka kulinganisha, ipo The Purge ya 2013, ile ya usiku mmoja ambao uhalifu unaruhusiwa nchi nzima: iligharimu dola milioni 3, ikaingiza kama 89, huku wahakiki wakinung'unika kwamba wazo la nchi nzima limefungiwa kwenye nyumba moja. Wanunuzi wa tiketi hawakuwasikiliza.

Ila huyo DJ, Mangi... Umeshamlipa, au ni kishika uchumba tu? Baba Neema anajua? Pazia za ukumbi zinaziba mwanga? Na dari mliwahi kuweka, au bado ni bati tupu? Maana manyunyu haya yakishuka huko Jumamosi, hata nyayo hatutazisikia. Nije na besi yangu?

Wako,
Shemeji wa Sakina