Barua ya Malalamiko: Tovuti ya Duka la Pembejeo Isiyojibu Maswali ya Wakulima

Duka la Pembejeo za Kilimo,
Nakuru.
22 Aprili 2024

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kutengeneza Tovuti,
Nakuru.

Kwa Bwana au Bibi,

KUH: VIPENGELE VYA TOVUTI TULIYOIAGIZA MWEZI JANUARI

Ninaandika kulalamikia tovuti mliyotukabidhi tarehe 11 Machi, wakulima wakiwa tayari wameanza kupanda. Tumeilipia shilingi 85,000, na kwa fedha hizo tulitarajia itupunguzie simu dukani. Simu zimeongezeka, na nyingi ni za watu waliotatanishwa na tovuti yenyewe.

Kabla ya kutia sahihi mkataba, niliwaletea nakala ya kurasa za daftari ambalo karani wangu aliliweka kaunta kwa majuma mawili, akiandika kila swali tuliloulizwa kwa simu. Maswali yalijirudia: kama bidhaa ipo, bei yake leo ni ngapi, shamba la ekari kadhaa litahitaji kiasi gani, mbegu ipi inafaa kule anakolima mtu, na kama tunaweza kumtumia mzigo kwa matatu hadi Olenguruone au Mau Narok. Afisa wenu wa mauzo alizipokea kurasa hizo, akazisifu, akasema ndizo zitakazokuwa msingi wa kazi. Ninachokiona leo ni picha nne kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa wa kwanza, tarakimu za kuhesabu wageni, na taarifa ya hali ya hewa ya Nairobi, ambayo sijui mkulima wa Bahati, hapa Nakuru, ataifanyia nini.

Kipengele kimoja tu kati ya tulivyoomba ndicho mlichokitengeneza, nacho ni kikokotoo cha pembejeo, na hicho ndicho kilichotuaibisha zaidi. Niliwaeleza kwa maandishi kwamba ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu na mfuko mmoja wa kilo 50 wa DAP, yaani mbolea ya kupandia, wakati wa kupanda. Fundi wenu aliweka hesabu ya hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu, kisha akaacha neno "ekari" kwenye kisanduku cha kujazia. Mkulima mmoja wa Njoro mwenye ekari nne aliambiwa anunue kilo 100 za mbegu na mifuko kumi ya DAP, badala ya kilo 40 na mifuko minne. Alinipigia simu akiuliza ni lini ekari moja ilianza kula mifuko miwili na nusu, na kama nimeamua kuwaibia wateja wangu mchana. Nilimwomba radhi, lakini sina hakika kwamba aliniamini, na sijui ni wangapi waliofuata hesabu ile bila kupiga simu. Niliwaarifu siku hiyo hiyo, tarehe 19 Machi, na hadi leo kosa hilo halijarekebishwa.

Kikokotoo hicho pia humpendekezea kila mtu mbegu ya mahindi ya mfululizo wa 500, yaani aina zenye nambari zinazoanzia 500, ambayo ni ya maeneo ya mwinuko wa kati. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na huko tunauza zile za mfululizo wa 600, ambazo hukaa shambani muda mrefu zaidi lakini huvumilia baridi. Ingetosha kumwuliza mteja anakolima kabla ya kumpa jibu.

Kisanduku cha kutafutia hakielewi Kiswahili. Mteja akiandika "mbolea ya kukuzia" huambiwa kwamba hatuna bidhaa hiyo, ilhali magunia ya CAN, ambayo ndiyo mbolea hiyo, yamejaa ghalani. Zile picha nne nazo ni nzito kiasi kwamba kwenye simu ya bei nafuu ukurasa huchukua zaidi ya dakika moja kufunguka, na mwenye bando dogo hawezi kungoja.

Kuhusu kitufe cha "Tuulize", tuligundua wiki iliyopita kwamba ujumbe wa wateja ulikuwa ukienda kwenye barua pepe ya fundi wenu, si kwetu. Huko zilikaa jumbe 37, zenye majina na nambari za simu za watu waliodhani wanazungumza na duka langu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kukaa na taarifa za wengine kiholela, na jambo hili silichukulii kuwa hitilafu ndogo ya kiufundi.

Kwa hivyo ninaomba, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, mtukabidhi jumbe zote 37 na kuthibitisha kwa maandishi kwamba mmezifuta kwenu. Kikokotoo kizimwe leo hii hadi hesabu yake irekebishwe na karani wangu aijaribu mwenyewe. Orodha ya bidhaa na bei ambayo tunaweza kuibadilisha wenyewe kila asubuhi, nambari yetu ya WhatsApp, na siku za kutuma mizigo kwa matatu ziwekwe mahali palipo na zile picha. Msipoweza kuyatimiza haya, mturudishie shilingi 85,000 pamoja na nywila za tovuti, ili tumtafute fundi mwingine kabla ya msimu wa kuweka mbolea ya kukuzia.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, risiti za malipo, na zile kurasa za daftari, endapo zenu zilipotea.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka