Nilimlisha mjomba sato mmoja, sasa ananiona tajiri

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Bukoba, nasoma mwaka wa pili hapa Kampala na nakaa hosteli maeneo ya Kikoni. Barua hii nimeiandika mara mbili nikaifuta, maana kila nikiisoma naonekana mtu anayelalamikia chakula alichokiagiza mwenyewe. Safari hii naituma hivyo hivyo.

Anayenisomesha ni mjomba, mdogo wake mama. Ada analipa yeye, na kila mwezi alikuwa akinitumia shilingi 350,000 za Uganda za kula na matumizi madogo. Kwa anayeijua Kampala, hiyo hela inatosha ukiwa na adabu. Asubuhi nakunywa chai chumbani. Mchana naingia mgahawa wa kawaida, na hapa niwaeleze kidogo wasomaji wa kwetu: huku hawakuuzii wali wala ndizi, wanakuuzia mchuzi. Ukisema nyama, au karanga, au maharage, bei ni ya hicho ulichokitaja, halafu sahani inakuja na matoke, wali, kiazi, posho (ndiyo ugali wa huku) na kipande cha boga, imejaa mpaka unatafuta pa kuanzia. Ukila hiyo saa nane, jioni inakutosha rolex moja, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, na siku ukibanwa unashuka hadi kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Nimeishi hivyo mwaka mzima na sikukonda.

Balaa lilianza na shukrani. Mjomba alinipigia kwamba mwezi wa nane anakuja na mkewe na watoto wao wawili, yeye akiwa na mizigo ya kununua Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Nikajiapiza: huyu mtu amenilisha tangu nikiwa darasa la tano, baba alipofariki, safari hii nami nimlishe. Miezi minne nilikula kikomando kila jioni, nikafikisha 180,000.

Nilichagua mgahawa mmoja wa kilimani kule Muyenga, pana bustani na upepo. Siku mbili kabla nilikwenda peke yangu nikaomba menyu, nikajifanya namsubiri mtu, nikapiga hesabu kwenye simu. Sato mzima wa mjomba 45,000. Luwombo ya kuku ya mkewe, ule mchuzi unaopikwa ndani ya jani la mgomba, 38,000. Watoto kuku na chipsi, 25,000 kila mmoja. Juisi zao mbili 16,000, soda za wakubwa 8,000, mimi chipsi kavu na maji 13,000. Jumla 170,000, na 10,000 inabaki ya boda. Nilitoka pale najiona mhasibu.

Siku yenyewe, hata hatujakaa vizuri, simu ya mjomba ikaita. Ni mfanyabiashara mwenzake wa hapa mjini. Mjomba akapaza sauti: "Njoo bwana, tupo Muyenga, mpwa wangu anatulisha leo!" Alivyolisema neno "mpwa wangu", Shangazi, ningemzuia vipi? Mgeni akafika, akaagiza sato kama wa mjomba na bia mbili za 7,000 kila moja. Nikameza mate, nikasema moyoni hata ile ya boda imekwenda, na bado haitoshi.

Bili ilipokuja ndipo nilipoona nilichokipita siku ile ya upelelezi. Chini kabisa ya menyu, kwa herufi kama mayai ya chawa, walikuwa wameandika kwamba bei hazijajumuisha VAT. Na VAT ya Uganda ni asilimia 18. Chakula na vinywaji 229,000, kodi 41,220, jumla 270,220. Usiku ule nilirudia hesabu kitandani nikagundua kwamba hata mgeni asingekuja bado ningeumbuka, kwani ile 170,000 yangu ya uhasibu ingekuwa 200,600. Kwa hiyo simlaumu mgeni. Namlaumu kidogo tu, kwa zile bia.

Nikasema naenda kunawa mikono. Nyuma ya jiko nikampigia rafiki yangu mmoja, Mkenya, ambaye kwenye kundi letu tunamwita Mwenyekiti. Hakuuliza swali. Dakika tano hazikupita, 92,000 ikaingia kwenye simu. Nikarudi mezani nikalipa bila jasho, mjomba akanipiga bega akasema, "Mjomba, sasa umekuwa mtu mzima." Kuku waliobakizwa na watoto niliomba nifungiwe, nikasema ni wa mlinzi wa hosteli. Mlinzi hakuwaona.

Hapo ningeweza kuishia, iwe hadithi ya kuchekesha. Lakini mwezi uliofuata ilikuja 250,000 badala ya 350,000, na ujumbe: "Naona unajiweza mjomba, na huku biashara imebana. Tusaidiane." Nyumbani ameshawasimulia. Mama ananiuliza nimepata kazi gani. Nikimwambia sina kazi anacheka, anasema mtoto wake amekuwa msiri.

Kumwambia mjomba ukweli ndiko kunakonishinda. Nikifungua mdomo kwamba siku ile nilikopa, nitakuwa namsimanga. Kwetu mtu hasimangwi tonge alilokula, sembuse mtu ambaye tonge zake mwenyewe kwangu hazihesabiki. Na lazima atauliza ilikuwaje, itabidi nitaje mgeni wake. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema jambo hili bila kumtaja samaki, sijaipata. Nikisema tu "hela haitoshi", atanikumbusha Muyenga.

Sasa njoo kwa Mwenyekiti. Kundi letu ni watu sita, Wakenya wawili, Waganda watatu na mimi. Kila Jumamosi tuna mtoko. Mara nyingine ni kuku wa Wandegeya, wale wanaozunguka kwenye kioo ambao watu wanawaita TV chicken, na hapo hapana shida. Lakini siku hizi wamenogewa na Kabalagala, kwenye viti vya sofa, na bili inagawanywa kwa vichwa. Mimi nakunywa soda moja na sahani ya chipsi, mwenzangu anashusha mbavu za nguruwe na vinywaji vinne, mwisho wa yote kila mtu anatoa 25,000 au 30,000. Zamani nilikuwa natega, nasema nina mtihani. Tangu Mwenyekiti anitumie ile hela siwezi. Ananipigia saa kumi jioni: "Usiniangushe, mzee." Nitamwangushaje mtu aliyeniokoa mbele ya mjomba?

Ona nilivyonaswa. Katika ile 92,000 nimemrudishia 40,000, imebaki 52,000. Jumamosi mbili nisipokwenda, deni limekwisha. Lakini siwezi kukosa kwenda kwa sababu nina deni lake, na siwezi kulipa kwa sababu nakwenda. Yeye hajawahi kunidai hata siku moja, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Angenidai kwa ukali ningekuwa nimeshamlipa.

Kuna binti mmoja katika kundi, Mganda, ambaye naye huagiza chipsi kavu. Wiki iliyopita bili ilipogawanywa nilimwona akihesabu noti chini ya meza, kisha akatazama upande wangu, kisha wote wawili tukatazama televisheni. Nimejiuliza kama nimfuate nimwambie tuungane, tupendekeze kila mtu alipe alichokula. Lakini nikikosea, ikawa ana sababu zake, nitakuwa nimejitangaza. Niliwahi kupendekeza kwa utani tukale rolex Wandegeya, watu sita tushibe chini ya 25,000, wakacheka sana. Mmoja akasema rolex si mtoko, ni kifungua kinywa.

Haya yote ningeyavumilia mpaka likizo. Kinachonifanya nikuandikie ni mama. Tarehe 28 anapanda basi la Bukoba pamoja na mama mkubwa, wapite mpakani Mutukula, waje wanione kwa siku tatu. Ni mara yake ya kwanza kufika Kampala. Anataka apigwe picha pale Kayabwe kwenye mstari wa Ikweta kama basi litasimama, ananiletea senene za kukaanga kopo zima, na anasema mjomba amemwambia "atawapeleka pale kilimani kwenye samaki". Amenunua na kitenge. Sijui nani amemwambia mgahawa unavaliwa kitenge kipya, ila amenunua.

Kwa hiyo nina 250,000 ya mwezi mzima, deni la 52,000, na wazee wawili wenye picha ya Muyenga kichwani. Nimepiga hesabu ya kwenda kule na watu watatu tu, bila mgeni wa mtu: hata tukila samaki mmoja kwa wawili na mimi nikinywa maji, na VAT yao, naondoka na deni jipya au nalala njaa wiki mbili.

Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Masaka, anasema niwapeleke Ggaba mwaloni. Unachagua samaki ukimwona, mnapatana bei kabla hajaingia kwenye mafuta, mnakaa mnatazama ziwa. Ushauri mzuri, isipokuwa mama ameishi maisha yake yote ufukweni mwa Victoria. Nimtoe Bukoba kilomita zote hizo nije nimwonyeshe ziwa lile lile na sato wale wale? Kisha kuna mgahawa wangu wa mchana, ule wa kuuziwa mchuzi, ambapo watatu tunashiba kwa 30,000. Mwenye mgahawa ananijua, hata Kiswahili anajitahidi, ingawa mwanzoni aliniuliza kama mimi ni askari, maana huku Kiswahili wamekizoea kwa wanajeshi. Mama angependa kugombana na matoke yao, maana sisi ndizi tunazipika na maharage zikiwa nzima, wao wanazifunga kwenye majani zikaiva na kupondwa, na najua atasema zimepondwa kama za mgonjwa. Ingekuwa raha. Lakini benchi ni za mbao, nzi wapo, na jioni ile ile mama mkubwa atampigia mjomba.

Basi Shangazi, naomba unisaidie haya. Nimwambie mama ukweli kwa simu kabla hajapanda basi, au nisubiri afike nimkalishe kwenye ile benchi na kumweleza tukiwa tunakula? Nikimwambia yeye kwanza, ni sawa amfikishie mjomba kwa niaba yangu, au mtu mzima husema mwenyewe? Wazee wa kwetu hutuma mtu, lakini mjomba ndiye aliyesema nimekuwa mtu mzima, nami naogopa kutuma mama kama mtoto.

Na Mwenyekiti, nimwambieje kwamba Jumamosi mbili zijazo sitakuja, bila kumwonyesha kwamba namkimbia?

Ukiweza, nijibu kabla ya tarehe 28. Senene nitakuwekea.

Mpwa, Kikoni