Kuinua paa la ghala: msianzie kwenye jeki

Mhariri,

Ghala la chuma likijaa na kiwanja kikawa kimekwisha, wazo la kuinua paa, yaani kukata nguzo, kupandisha paa kwa jeki na kuunga vipande vipya vya nguzo, huja lenyewe, na si wazo baya. Ghala la mita 30 kwa 60 likipandishwa kutoka mita 6 hadi 9 linapata mita za ujazo 5,400, na mabati ya paa yanabaki yalivyo. Kinachotukera ni kuona kazi hii ikizungumzwa kana kwamba yote ni jeki. Paa la ukubwa huo, tukikadiria kilo 40 kwa mita ya mraba pamoja na boriti na mapao, lina tani 72. Nguzo zikiwa 22, kila moja inabeba wastani wa tani tatu na ushei. Jeki ya haidroliki ya tani 10 haitoki jasho hapo.

Jasho liko sakafuni. Chukua rafu ya paleti mbili kwa kila ngazi, kila paleti tani moja. Ngazi mbili juu ya ile ya chini, ambayo hukaa sakafuni, huweka tani 2 kwenye kila mguu wa rafu, kwa kuwa mguu hubeba pia sehemu ya rafu ya jirani. Ghala likirefuka, ngazi hizo zikawa nne, mguu uleule unabeba tani 4, juu ya kibamba kisichozidi kiganja cha mkono. Rafu zikipangwa mgongo kwa mgongo, miguu miwili inakaribiana na sehemu hiyo ya zege inapokea tani 8. Kwa hiyo kabla ya bei yoyote, zege litobolewe mahali kadhaa, unene upimwe, nondo zitafutwe, na udongo wa chini uchunguzwe. Nyufa zilizopo tayari karibu na maungio ya zege ni jibu tosha kwa anayetaka kuharakisha.

Nguzo nazo zina hesabu isiyosamehe. Nguzo nyembamba ikirefushwa kutoka mita 6 hadi 9, uwezo wake wa kuhimili mzigo bila kupinda unashuka hadi chini ya nusu. Ukuta mrefu unakamata upepo zaidi, na upepo huo unasukuma kwa mkono mrefu zaidi, kwa hiyo bolti za chini na msingi hung'olewa kwa nguvu kubwa kuliko waliokusudia wajenzi wa kwanza. Mara nyingi nguzo hulazimika kuongezewa bamba ubavuni, na msingi kupanuliwa. Gharama hiyo ndiyo huachwa nje ya makadirio ya kwanza.

Siku ya kukata, kosa linaloumiza kuliko yote ni kusahau kwamba fremu isiyo na nguzo za katikati husukuma miguu yake nje hata ikibeba uzito wake tu. Ukikata nguzo zake zote mbili bila kufunga nondo ya kuvuta kutoka bega hadi bega, yaani pale nguzo inapokutana na boriti ya paa, boriti za paa zinatanuka, na vipande vya juu havitakaa tena sawa na vya chini. Milimita 30 za kutanuka zinatosha kuharibu kiungio. Vyuma vya msalaba vya ukutani navyo vifunguliwe kabla ya kuinua, kwa sababu vinalishika paa na chini. Lakini visifunguliwe mpaka mihimili ya muda iwe imesimama kushika mwendo wa pembeni.

Jeki zote ziendeshwe kutoka sehemu moja, hatua kwa hatua, na kila nguzo isomwe kwa rula baada ya kila hatua. Nguzo moja ikitangulia kwa sentimita chache, mapao yanajikunja na skrubu za bati zinapanua matundu. Uvujaji utaonekana mvua ya kwanza. Upepo ukianza, kazi isimame na paa lifungwe palepale lilipofika.

Kwa nguzo inayopanuka kuelekea juu, kipande kipya kiwe na upana wa pale nguzo ilipokatwa. Bawa la ndani, yaani bamba la ukingo wa nguzo upande wa ndani, litavunja pembe kwenye viungio vyote viwili, na kila pembe inataka kibamba cha kukaza. Rangi ya zamani ikwanguliwe kwanza, kwani huharibu weldi na huenda ina madini ya risasi yenye sumu; weldi zipimwe kwa mawimbi ya sauti, kutazama kwa macho hakutoshi.

Gata, mabomba ya maji ya mvua na nyaya ni kazi ya siku chache. Vinyunyizio vya kuzimia moto sivyo. Vilipigiwa hesabu kwa urefu wa zamani wa dari na wa mali. Vikipanda mita 3, joto linachelewa kuvifikia, na matone yanasukumwa juu na moshi wa moto kabla ya kugusa mzigo. Kuunga mabomba marefu hakutibu hilo: hesabu inaanza upya, pampu na tangi vikiwemo, na pengine vinyunyizio vingine viwekwe ndani ya rafu zenyewe. Ngazi mpya zisipakiwe paleti hata moja kabla mfumo huo haujajaribiwa kwa maji.

Wahandisi na mafundi wa majengo ya chuma